Nilificha Viatu vya Baba

Siku niliyomfuata baba kimyakimya, nilimkuta nyuma ya karakana yake ya zamani, amekumbatia gunia la mchanga.

Alikuwa analiongelesha.

"Shika shingo yangu, mke wangu. Haya, twende."

Akalinyanyua. Magoti yakamtetemeka, mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee wa miaka sabini na sita!

Nikapiga kelele. Gunia likaanguka.

"Utaniua wewe kwa presha, siyo gunia," akasema huku anahema.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Baba ndiye aliyemtoa kitandani asubuhi na kumrudisha jioni, na msaada hakutaka. Lakini siku chache nyuma mikono ilimlegea, wakaanguka wote wawili.

Dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, akaja juu kwenye simu.

"Mwisho wa mwezi nakuja. Baba akishindwa kumbeba mbele ya macho yangu, mama naondoka naye."

Miaka hamsini na moja ya ndoa. Baba aliposikia, hakula siku nzima.

Basi nilimkokota hadi kliniki. Nesi wa wazee aliposikia habari ya gunia akashika kiuno.

"Mzee, nilikwambia utembee kila siku, na ukae na kusimama kwenye kiti mara kumi. Kidogo kidogo! Gunia limetoka wapi?"

"Mke wangu si mwepesi kama kiti."

Nesi akacheka, kisha akanigeukia mimi. Akasema mwili unapozeeka, kuna uchafu unaokula chembe zake taratibu, kama kutu inavyokula chuma. Kuna vitu vinavyouzuia uchafu huo, vinaitwa antioksidanti, na uzeeni kinga hiyo hupungua.

Sikumsubiri amalize.

Mimi ni mtoto wa fundi wa kuchomelea mageti. Kutu naijua. Dawa yake ni rangi, na rangi inauzwa kwenye kopo.

Nikanunua kopo kubwa la vidonge vya antioksidanti. Nilipofika nyumbani nikaficha viatu vya baba juu ya kabati.

"Kuanzia leo ni kumeza na kupumzika. Mama nitamhudumia mimi."

"Kwani naumwa?"

"Huumwi. Wewe ni mbishi."

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani zangu, nilimwekea kidonge mkononi na kusimama hapo mpaka ameze. Kisha nafunga geti, naondoka na ufunguo. Naandika hili kwa aibu.

Wiki ya tatu nikarudi kwa nesi, najisifu, nimebeba kopo.

Alilitazama. Akanitazama mimi.

"Anatembea?"

"Nimemkataza. Anapumzika."

"Dada, chuma hakijipaki rangi chenyewe. Mwili unajipaka. Ukiushughulisha unachafuka kidogo, nao unajifunza kujisafisha. Kesho unarudia, kinga inaongezeka. Lakini ni mpaka iwe mazoea. Ukimkalisha, inashuka. Kopo lako haliwezi kumfanyia kazi hiyo."

Nikalirudisha kopo kwenye mkoba.

"Dada yako anakuja lini?"

"Keshokutwa."

Nesi aliinama akaendelea kuandika.

Siku yenyewe, dada alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kifuani, begi la mama limeshafungwa. Mimi nilijibanza ukutani. Nilijua nimewatenganisha wazazi wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba akasogea kitandani. Akainama.

"Moja," akasema mama, kwa ulimi wake mzito.

Tukageuka kumtazama.

"Mbili. Magoti, mzee! Magoti, siyo mgongo. Tatu."

Baba akasimama naye.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akayumba, dada akaruka kumdaka.

"Muache!" mama akafoka.

Ya nne. Baba akamweka kwenye kiti taratibu, kama mtu anayetua trei ya mayai.

Mikono ya dada ikadondoka.

"Nani... nani kakufundisha?"

Mama akanyanyua mkono wake mmoja mzima.

"Huyu alifunga geti," akasema, ananinyooshea mimi. "Chumba hakufunga."

Kumbe kila nilipoondoka, baba alivua ndala akazunguka ukumbini peku, nenda rudi, mama akihesabu kutoka kitandani. Kwenye kiti, kaa simama, mama akihesabu. Baba alianza kwa kuinua mguu mmoja tu wa mama, siku nyingine yote miwili, kisha kumketisha. Alipotaka kupitiliza, mama alimzuia. Ratiba yote ya nesi ilikuwa kichwani mwa mama. Baba ndiye aliyemsimulia siku ile ile tuliyotoka kliniki.

"Na vidonge?" nikauliza.

"Chini ya ulimi," akasema baba. "Ukitoka, natema."

Dada alicheka mpaka akalia. Mimi nililia tu.

Walipata miaka minne mingine, chumba kimoja, kitanda kimoja. Mama akatangulia. Baba tumemzika mwezi uliopita, naye hata wiki yake ya mwisho alitembea hadi mwisho wa mtaa.

Nilidhani kumtunza mzee ni kumkalisha. Kumbe nilikuwa natunza hofu yangu.

Kama mzee wako bado yupo, toka naye kesho asubuhi, mwende taratibu, kwa mwendo wake.

Mimi sikuwahi kutembea na wangu hata siku moja.