Chaneli ya Pili

"Hii hedifoni ni takataka," mume alisema, akaivua na kuitupa mezani. "Upande wa kulia umekufa. Ya tatu hii mwaka huu. Hivi wewe unanunua wapi vitu vyako, mama?"

"Pale pale unaponunua wewe."

"Basi tunaibiwa wote wawili. Kesho nakwenda kumrudishia mwenye duka, na nitamwambia maneno ambayo mama yake hajawahi kumwambia."

Mke alikuwa kwenye stuli yake karibu na mlango, akibandika karatasi za majina kwenye kaseti za wateja. Hedifoni ilikuwa nzima. Aliijaribu mwenyewe asubuhi ile. Na zile mbili za kwanza, ambazo mume alizitia kwenye pipa la taka, alizitoa, akazifuta, akazificha chini ya mashuka, nazo zilikuwa zinaimba pande zote kama siku zilipotoka dukani. Kilichokufa ni sikio la kulia la mume wake, na mwenye sikio ndiye pekee aliyekuwa hajapewa taarifa.

Si kwamba hakujaribu kumpa. Mwaka uliopita alimwambia kwa upole, "Baba, twende hospitali ukapimwe sikio." Mume alimtazama kama mtu aliyeambiwa akajifunze kutembea. "Nikapimwe na nani? Mimi ndiye ninayepima." Na kweli, mtaa mzima ulimwita Sikio, hata watoto wa shule, hata wanaomdai redio zao. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba jina lake limekufa nusu, umzike siku hiyo hiyo. Sikio la kufa halisikii dawa, mke alijisemea, akanyamaza.

Jina hakulipewa bure. Alianza ujana wake kwa kubeba spika za bendi, spika zenye uzito wa kabati, kwa malipo ya nauli na sahani ya chakula. Siku fundi wa bendi alipougua, yeye ndiye aliyewekwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha alikuwa ameshagundua gitaa gani lina waya mbovu. Tangu hapo hakubeba tena spika. Alikaa mezani miaka ishirini na sita, na meza yake siku zote iliwekwa upande mmoja wa jukwaa, spika kubwa ikimpigia kelele sikioni kutoka kulia. Wanamuziki walipata majina, waimbaji walipata wake wa pili, yeye alipata ule mlio wa spika sikioni. Bendi ilipovunjika, alirudi nyumbani na kisanduku kimoja cha chuma, akapanga chumba cha mbele, akaandika mlangoni: TUNANAKILI KASETI ZA ZAMANI.

Kisanduku chenyewe kilikuwa mikisa ya laini, mashine ya kuchanganya sauti, ukubwa wa mkate, matundu nyuma na vifundo vinne vya kuzungusha mbele. Mke alifundishwa matumizi yake mwaka wa kwanza wa ile kazi, maana mume alipenda kufundisha kuliko alivyopenda kula.

"Hii haipokei maiki," alimwambia. "Maiki ni kitoto kichanga, sauti yake lazima ibebwe. Laini ni mtu mzima, anakuja kwa miguu yake. Deki ya kaseti ni laini. Redio ni laini. Kinanda ni laini. Ukichomeka maiki humu, utafungua kifundo mpaka kikatike na utaambulia mvumo wa nyuki."

Deki ya kaseti ilitoa waya mbili: mweupe wa kushoto uliingia chaneli ya kwanza, mwekundu wa kulia ukaingia ya pili. Redio ilikaa ya tatu, kinanda ya nne. Vyote vikachanganyika ndani, vikatoka kwa waya mmoja wenye pande mbili, kushoto na kulia, kwenda kwenye kompyuta. Kabla ya kuwasha, vifundo vyote viwe chini. Washa mikisa kwanza, spika mwisho. Ukizima, spika kwanza, mikisa mwisho, la sivyo spika itapiga kishindo na koni yake ya karatasi itapasuka. Juu ya kila kifundo kulikuwa na taa ndogo. Ikiruka kijani, sauti inapita. Ikiwaka nyekundu, umezidisha, shusha.

"Lakini taa usiziamini sana," Sikio alisema. "Taa ni za macho. Macho hudanganyika."

Tangu sikio life, mwaka mzima, basi, kazi ilifanywa mara mbili. Asubuhi mume alinakili kaseti ya mteja, kulia kukiwa juu mno au chini mno, kadiri alivyobahatisha. Mchana akila na kujinyoosha, mke alikalia kiti, akavaa hedifoni, akaanza kaseti upya, akasawazisha chaneli ya kwanza na ya pili, akafuta kazi ya bwana na kuweka yake. Jioni mume alisikiliza kwa sikio lake la kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona? Huu ndio mkono wangu."

"Naona," mke alisema.

Mapenzi au woga, sijui, labda vyote viwili vilikula sahani moja. Lakini uongo wa nyumbani unataka ulinzi kila siku, na binti yao alipojifungua, mama mtu alilazimika kwenda kumwangalia. Siku nne tu.

Aliporudi alimkuta mume ana furaha. "Hukuwepo na hakuna kilichoharibika," alimtania. "Kaseti tano zimetoka, na wenyewe wamezichukua."

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, akaingia mpima ardhi mstaafu wa mtaa wa juu, mzee mrefu anayetembea kama anahesabu hatua. Mkononi alishika kaseti yake ya zamani na ile diski aliyopewa.

"Fundi," alisema, "mke wangu hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye kazi yako."

Sikio aliichukua diski, akaitia kwenye kompyuta, akafungua spika. Ilitoka sauti ya mpima mwenyewe, ya miaka mingi nyuma, nzito na yenye bashasha: *Haya bibie, mweleze mwanao siku tulipohamia hapa.* Kisha kimya kirefu, na ndani ya kimya kitu kama mtu anayezungumza chumba cha pili, mlango umefungwa. Kisha mpima akicheka, peke yake. *Eti mimi? Mimi nilikuwa nimelala?* Kimya tena.

"Jana nimekaa sebuleni na hii kitu," mzee alisema. "Namsikia huyu bwana anauliza, nami nangoja jibu. Anauliza tena, nangoja. Arobaini yake imepita juzi, fundi. Nilitaka nisikie akinijibu."

"Pole, mzee wangu," Sikio alisema. "Lakini kanda ndivyo ilivyokuja. Kulia hakukuwa na kitu ila mvumo. Nikafunga chaneli ya pili ili mvumo usile sauti yako."

"Kulia ndiko alikokuwa. Tuliazima mashine yenye maiki mbili. Mimi kushoto, yeye kulia. Tulimrekodia kijana wetu aliye mbali."

Mke alisimama kutoka kwenye stuli. Aliuliza swali ambalo jibu lake alilijua. "Taa ya pili haikuruka?"

"Iliruka. Nimekwambia mara ngapi, taa ni za macho."

"Baba, vaa hedifoni."

"Imekufa upande mmoja, nivae ya nini?"

"Vaa."

Alivaa, shingo upande. Mke alitia kaseti kwenye deki, akafungua vifundo viwili, akabonyeza. Mume alisikiliza, akainua mabega: ni yale yale, mzee anauliza, hakuna anayemjibu. Ndipo mke akaivua ile hedifoni kichwani pake, akaigeuza nyuma mbele, akamvika tena, kipande cha kulia kikakaa juu ya sikio la kushoto.

Sikio akaikandamiza kwa kiganja. Mwanamke alikuwa akizungumza, karibu kabisa, na alikuwa akicheka: *Wewe ulikuwa umelala fofofo. Maji nilibeba mimi, ndoo sita, na mtoto mgongoni.* Sasa aliyepotea ni mpima ardhi.

Mke alizima deki haraka, asiichoshe kanda. Sikio aliivua hedifoni, akaishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayesoma barua ile ile akitumaini itabadilika.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka. Labda umepita."

"Na zile kazi zote?"

"Nilikuwa nazirudia ukilala."

"Ukaniacha nitukane watu wa watu kwa hedifoni zao."

"Nilikuacha," mke alisema. "Nilikosa."

Mpima ardhi aliangalia dirishani. Kuna mambo ya watu na ndoa zao ambayo hata mwenye haki yake hapendi kuyashuhudia.

"Hii kanda imechoka," Sikio alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Ile mara ya kwanza nilikuwa naomba Mungu. Unga wake unaoshika sauti unatoka. Mara ya pili sijui kama itavumilia." Akainuka kitini. "Kaa."

"Nani?"

"Wewe. Mimi nikae nifanye nini, nihesabu nzi?"

Mke alikaa. Alishusha vifundo vyote. Akachomoa redio na kinanda, kusiwe na mvumo wa bure. Mume alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, taratibu, kisha akavuta stuli ya mlangoni, akakaa nyuma yake. Mkanda ukaanza. Mke alipandisha ya kwanza, akapandisha ya pili, na chumba kikajaa watu wawili wakibishana juu ya ndoo sita. Mpima ardhi alifunika uso kwa kofia.

"Ya pili shusha kidogo," Sikio alisema. Macho yake yalikuwa kwenye taa. "Akicheka inapiga nyekundu."

Akashusha. Hivyo wakaenda upande wote wa kwanza, dakika arobaini na tano, yeye akisikia na mume akitazama.

Upande wa pili ulianza vizuri. Dakika ya kumi na moja sauti zikalegea, zikawa nzito kama za walevi, na kabla mke hajafikisha kidole kwenye kitufe, deki ilikoroma. Sikio aliruka akaizima yeye. Ukanda ulikuwa umejisokota ndani kama tambi. Alifungua kifuniko, akauvuta kwa ncha ya penseli, lakini ulitoka vipande vipande, na vidole vyake vikabaki na vumbi la kahawia.

"Mara ile ya kwanza ulifika mwisho," alisema, bila kumtazama mtu. "Ulipita wote hapa. Kifundo ndicho nilichofunga."

"Huko mwisho ndiko alikomuaga kijana," mpima ardhi alisema.

Mke alihifadhi kilichopatikana, akakitia kwenye diski mpya, akaijaribu. Mzee alimsikia mkewe akimjibu mara moja, mara mbili, akaashiria kwa mkono kwamba inatosha, mengine atayasikia kwake. Akaiweka diski mfuko wa shati, akafunga kifungo. Sikio alikuwa ameinama juu ya deki, anafungua skrubu kuondoa vipande vilivyonasa. Mpima ardhi akasimama kando yake, upande wa kulia, akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, nilikuwa nakudai pande mbili. Mmoja umenilipa. Wa pili nakusamehe."

Sikio aliendelea na skrubu yake. Mzee alingoja. Kisha alimtazama mke, na mke akazunguka meza, akainama kushoto kwa mumewe.

"Anasema upande wa kwanza umelipa."

"Na wa pili?"

"Amekusamehe."

Skrubu ilitoka. Aliiweka juu ya kitambaa, karibu na wenzake, isipotee.

"Mwambie nimesikia," alisema.