Treni Iliyofuliwa Laini Saba

Siku moja ninaikumbuka kuliko nyingine, na kwanza niwataje waliokuwepo, maana hao ndio mashahidi wangu. Alikuwepo Mama Rispa, shangazi wa marehemu mume wangu, ambaye tulikuwa tumeketi mbele ya nyumba yake pale mtaa wa Laini Saba, karibu kabisa na reli. Alikuwepo Jenipher, jirani yake wa mlango kwa mlango, ambaye niliimba naye kanisani. Alikuwepo Felesia, wifi yake Jenipher, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Na alikuwepo Wambui, binti wa mwenye ploti niliyokuwa nimepanga mtaa wa Kawangware, aliyenisindikiza kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa. Mimi ndiye wa tano.

Mwanangu, hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Siku nne kwa wiki nilikuwa nafua nguo za watu. Siku zilizobaki nilitengeneza picha za vitambaa. Mafundi wa Laini Saba waliokuwa wakishona sare za shule walinipa mabaki, na mimi nikayapanga mpaka yakawa mlango, sufuria, au mtu anayetembea. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mikono yangu haikuacha kitu.

Kazi ya viraka sikuianzisha mimi. Mama Rispa na wenzake waliitoa huko kwetu ziwani. Suruali iliyochakaa, gauni lililobana, gunia la unga la kitambaa, vyote vilikatwa na kuunganishwa, ndani likawekwa blanketi kuukuu, na nyuma shuka. Kisha wakapitisha uzi kwenye matabaka yote matatu, mstari kwa mstari, kama matuta ya shamba. Na walikuwa na desturi moja. Blanketi jipya halikukabidhiwa kwa mwenyewe mpaka lifuliwe mbele ya wale waliokufundisha. Lilitumbukizwa kwenye karai, likasuguliwa, likakamuliwa, wakavuta pembe zote nne. Likitoka zima, basi wewe ni mshonaji.

Mimi desturi hiyo niliiona ya kizamani. Madam Salome, mwalimu wa uchoraji, alikuwa ameiona kazi yangu na kunipa nafasi kwenye maonyesho yake mjini. Nafasi kubwa, ukuta mzima. Zilibaki siku kumi na tatu. Nilijua hiyo ndiyo njia yangu ya kutoka kwenye nguo za watu, na sikuona nyingine.

Basi siku hiyo nikalifungua blanketi langu la picha pale mbele ya akina mama. Picha yake ilikuwa treni ikipita Laini Saba, na wanawake wakiinua nyanya na sukuma zao kutoka kwenye reli. Mbingu nilizifanya kwa shuka nyeupe, na mabati kwa pazia jekundu la mtumba.

"Wueh!" Jenipher akasema, akimwonyesha mmoja wa wale wanawake. "Huyu si ni Mama Samaki, yule anayeuza pale relini? Hata matako ni yake!"

Tukacheka. Mama Rispa hakucheka. Alilipapasa, akaligeuza nyuma, akalinusa.

"Nyar Alego," akaniita hivyo, kwa kuwa mimi ni binti wa kutoka Alego. "Limefuliwa?"

"Mama, hili ni la ukutani. Hakuna atakayelilalia."

Karai lake lilikuwa pale na maji yake. Akalichukua blanketi langu akalitumbukiza.

Mwanangu, nilipiga kelele. Lakini lilikuwa limeshaingia, na pale pale maji yakawa mekundu. Ule wekundu ukapanda mbinguni. Kisha gundi ikaachia, maana ukweli ni kwamba vipande vingi sikuvishona. Nilivibandika ili nimalize haraka. Behewa la kwanza likaelea, la pili likalifuata.

"Shikeni treni!" Felesia akapaza sauti. "Inaenda bila abiria!"

Majirani wakatoka kuangalia. Nikaona wakicheka, nikasema maneno ambayo mpaka leo yananiwasha ulimini.

"Mama, wewe hujui sanaa! Unajua blanketi tu!"

Mama Rispa akakausha mikono yake kwenye leso.

"Ni kweli, najua blanketi," akasema. "Na wewe unajua nini? Siku nne kwa wiki unafua. Ungefua nguo nyekundu ya tajiri wako pamoja na shuka yake nyeupe?"

Nilijua kila kitambaa kinachotoa rangi. Kwa nguo za wengine nilikuwa mwangalifu, na kwa kazi yangu mwenyewe nikafanya ujanja. Wambui akanishika mkono, tukalibeba tukaenda, maji mekundu yakitudondokea miguuni mpaka barabarani.

Kesho yake nikaenda kwa Madam Salome kumweleza. Yeye akatikisa kichwa tu. "Libandike tena ulilete. Tutalitundika juu, nani atajua?"

"Madam, Laini Saba yote inajua tayari."

Niliporudi Kawangware nikachukua wembe nikafumua kila kitu. Lile pazia jekundu nikaliloweka na kulisuuza mara saba, mpaka maji yakabaki safi. Mbingu zilizoharibika nikazitupa. Halafu nikafunga vipande kwenye kanga nikarudi Laini Saba kwa miguu, polepole, kwa sababu kumwomba mtu uliyemtukana ni kazi ngumu kuliko kufua.

Mama Rispa alikuwa akichambua mboga. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja kujifunza. Ukinifukuza nitarudi kesho."

Akanitazama. Kisha akasogea kwenye benchi, nikapata pa kukaa.

"Anza katikati," akasema. "Mkunjo usukume utoke nje. Ukianza pembeni utaufungia ndani."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu. Nilishona kila siku nikitoka kufua, mpaka kidole kikatoboka. Mara mbili alinifumulisha. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo gundi isingenionyesha kamwe: ile mistari ya matuta, nilipoifuatisha na reli, iliifanya treni ionekane inakwenda. Nilipoizungusha juu ya mabati, ikawa moshi wa jikoni. Wazee walikuwa nayo miaka yote, kwenye vitanda vyetu, na mimi nimeilalia bila kuiona.

Siku ya kumi na mbili tulilifua. Likatoka zima. Lakini lilikuwa nusu ya lile la kwanza, behewa moja na wanawake watatu.

"Ni dogo," Madam Salome akasema, amekasirika kidogo. "Mimi nilikuwekea ukuta mzima."

"Ndiyo, Madam. Lile kubwa lilikuwa gundi."

Ukuta akampa mwingine, mimi akaniweka karibu na mlango. Halikununuliwa. Jumatatu nikarudi kwenye nguo za watu, na nikazifua miaka miwili mingine. Lakini mgeni mmoja alisimama pale mlangoni muda mrefu, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa Mama Rispa, Laini Saba. Akaniagiza moja, na kutoka kwa hiyo ikaja nyingine, mpaka nikaacha kufua, na kazi zangu zikatundikwa kwenye miji ambayo sijui hata kuitamka.

Sasa mwanangu, ninalokuambia ni hili. Kazi yako ipeleke kwanza kwa wanaoijua, kabla ya kuipeleka kwa wanaoisifu. Ikiharibika mikononi mwao, shukuru, kisha fumua. Usiogope kufumua, na usione haya kurudi na kitu kidogo kilicho kizima. Na kile unachokiita cha kizamani, kaa nacho kwanza ukijue. Mungu akupe mikono isiyochoka, akupe na mtu wa kukuambia ukweli ungali na nguvu za kuanza upya.

Kama Jenipher au Wambui wanasoma haya na wanakumbuka tofauti, waniambie nirekebishe. Pengine mabehewa yalikuwa matatu, pengine ni Jenipher aliyesema habari ya abiria. Lakini yale niliyomwambia Mama Rispa, mtu asije akaniambia niliyasema kwa upole. Hayo nayakumbuka vizuri.