Pengo la Vidole Vitatu

Kazini walimwita Nukta, na jina lilimkaa. Kwa miaka thelathini na moja alikereza vyuma katika karakana ambayo leo ni ukumbi wa kuuzia simu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukitoa kipande mkononi kabla ya kukipima mara tatu. Karakana nzima ilifanya hivyo. Siku hizi mtu anapima kwa jicho, akikosea anagonga nyundo, na nyundo ikishindwa anamwambia mteja kwamba huo ndio mtindo.

Alipostaafu alinunua kitu ambacho jamaa zake hawajamsamehe hadi leo: gari la spoti, jekundu, la milango miwili, la miaka mingi lakini lisilobadilishwa kitu. Springi zilikuwa zile zile lilizotoka nazo kiwandani.

"Baba amerudi ujanani," mwanawe mkubwa alisema mbele za wageni.

Mkewe peke yake hakucheka. Alilizunguka gari, akafungua mlango, akakaa, akainuka. Kisha akasema, "Hili naliweza."

Lilikuwa neno zito. Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa nyonga, na daktari alimwonya asikae chini sana. Nukta hakuridhika na "chini sana". Chini sana ni kiasi gani? Alipima viti vyote vya nyumbani. Kiti kifupi kabisa ambacho mkewe aliweza kukiinukia bila kushikwa mkono kilikuwa kile cha jikoni, na kiti cha gari kilikizidi kwa upana wa kidole kimoja. Gari likishushwa vidole viwili tu, mama yule angekuwa abiria wa kubebwa. Naye alikwishasema: kuliko kubebwa, atabaki nyumbani.

Sasa rimu mbili zilikuwa zimepata nyufa, na kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Ndipo wakaenda, yeye na mkewe, kwenye duka la rimu.

Muuzaji alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, ndevu zimechongwa kwa wembe. Wateja wanne walikaa kwenye benchi wakingoja zamu. Gari jeupe la mmoja wao lilikuwa limeshushwa hata ungedhani limezama.

"Mzee wangu, hapa umefika," alisema muuzaji. "Inchi kumi na tisa, nyeusi, pana. Gari tunalishusha kidogo linalala, watu wanageuza shingo."

"Halilali. Lisimame lilivyozaliwa."

"Na hilo pengo je? Vidole vitatu! Paka anaweza kupata usingizi hapo juu ya tairi."

"Apate. Paka ana kosa gani?"

Benchi likacheka. Muuzaji alilipandisha gari kwa jeki, akafunga moja ya zile rimu zake nyeusi pamoja na tairi lake, akaizungusha kwa kiganja. "Umeona? Haigusi popote. Hata kompyuta ya duka imekubali."

"Kwenye jeki kila rimu inaingia," alisema Nukta. "Springi imenyooka, gurudumu linaning'inia. Nani anaendesha gari hewani? Funga na ya upande wa pili, uliteremshe, tuingie ndani."

Akatoa mfukoni bonge la udongo wa kuchezea watoto, alioazima kwa mjukuu wake. Alikata vipande vidogo, akavibandika chini ya madigadi, akikandamiza kila kimoja kwa dole gumba. Karakanani walipima hivyo nafasi wasiyoweza kuiona, kabla watu hawajaanza kuamini skrini kuliko vidole vyao.

"Na mimi niingie?" mkewe aliuliza.

"Wewe ndiwe mzigo, mama watoto."

"Haya! Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, leo ndiyo umesema ukweli."

Walipita juu ya tuta la getini mara mbili, mara ya pili usukani umekatwa hadi mwisho. Waliporudi, Nukta aliinama na kuchungulia. Vipande viwili vilikuwa vimenyolewa, vyeusi kwa mpira wa tairi.

"Si ndiyo maana nikasema tushushe?" muuzaji alisema. "Tunaweka springi fupi, ngumu. Tairi halipandi tena."

"Yaani mguu ukatwe ili kiatu kiingie?"

Muuzaji akakunja uso. "Basi, mzee, gari la kusimama hivyo liende na rimu za teksi."

"Ziko wapi?"

Zilikuwa nyuma ya duka, zimefunikwa vumbi. Inchi kumi na saba, mikono mitano, hazina pambo. Nukta aliinua moja kwa mkono mmoja; ilikuwa nyepesi. Alipima tundu lake la katikati kwa kalipa yake mwenyewe, kipimo cha chuma alichokifunga kitambaani, akachagua na matairi yenye ubavu mrefu kidogo, ya kuziba pengo bila kuchungulia nje kama macho ya chura.

"Hizo mimi sizifungi," alisema muuzaji. "Watu watasema zimetoka kwangu. Matairi nitakuvalishia, mengine shauri yako."

"Nilikuomba?"

Akakunja mikono ya shati, akatoa jeki na spana kwenye buti, akaanza kazi pale pale chini ya bango la duka. Nati zote alizianza kwa vidole, kisha akazikaza kwa kuzipishanisha, bila mashine ya upepo. Ilimchukua saa nzima. Hakuna aliyemsaidia, naye hakumtazama mtu.

"Mzee," alisema yule mwenye gari jeupe, "saa nzima, na gari linafanana na lilivyokuja!"

"Ndiyo kazi yenyewe," Nukta alijibu. "Sasa sogeza lako, nataka kupita."

Akabandika udongo mpya, mkewe akaingia, wakalipanda tuta kama mwanzo. Waliporudi alipiga magoti. Vipande vyote vilikuwa vizima, na kila kimoja bado kilibeba alama ya dole gumba lake, mistari yake yote.

Mkewe alifungua mlango. Nukta akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Ondoa mkono wako," mkewe alisema. Akainuka mwenyewe, akanyoosha gauni lake.

Hatua chache kutoka hapo, mwenye gari jeupe alikuwa akitoka kwenye gari lake alilolisogeza: magoti kifuani, mkono mmoja umeng'ang'ania paa, mwingine unatafuta ardhi. Mama alimwendea polepole, kwa miguu yake miwili.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Nikushike?"