Upepeo Mwekundu wa Shizue

Kwa miaka hamsini na sita Shizue aliishi kwa kuzuia pumzi, na kwa kuzuia mdomo. Pumzi aliizuia chini ya miamba ya pwani ya Shima, akibandua awabi, konokono mnene wa gamba moja anayelipiwa vizuri mjini. Mdomo aliuzuia nchi kavu, maana mzamiaji anayetangaza shimo lake la awabi ni mpumbavu, na wapumbavu wa pwani ile walikwisha kufa njaa. Wako waliozikwa na mashimo yao. Majirani waliwalilia kwa uchungu wa kweli, huku kila mmoja akijiuliza marehemu alikuwa akizamia wapi.

Mwaka ule daktari alimwambia moyo umechoka, msimu huu uwe wa mwisho. Shimo likataka mrithi, na aliyekuwepo ni mke wa mwanawe, Mihoko wa jiji la Nagoya, mwenye misimu mitatu tu majini. Shizue hakumtaka. Kwenye kibanda cha moto, wanawake wakiota joto, alisema mkwe wake anazama kama kizibo.

“Na wewe je, ulipoolewa?” akauliza Kikue, mwenzake mwenye umri wa miaka themanini. “Ulielea kama maiti, shoga. Zenkichi alitaka kukurudisha kwenu.”

Wakacheka, kisha Kikue akachochea moto. Zenkichi, mumewe Shizue, alikuwa amekufa majira ya baridi. Maisha yake yote alikaa mashuani akishika kamba ya kumvutia mkewe juu.

Alama ya shimo ilikuwa tumbawe moja lenye umbo la upepeo, pana kama sinia, jekundu, ukingo wake manjano. Liliota ukutani chini ya mwamba ulioinama, pasipofika jua. Mwani usingeweza kuishi pale, lakini tumbawe lile halikuwa na haja na jua. Lilisimama likiukingama mkondo kama wavu uliotegwa, na mkondo ulipopita, vinywa vyeupe kwa maelfu, kila kimoja na mikono minane, vilifunguka kudaka vijidudu. Ukiligusa, vyote vilifyata ndani likabaki tawi tupu. Shizue alilikuta likiwa na ukubwa wa kiganja, akiwa bibi harusi. Kila mwaka liliongeza upana usiofika kidole. Kutoka pale, mkono mmoja kulia, palikuwa na ufa, na ndani ya ufa awabi. Kijiji kiliyaita matumbawe ya aina ile maua ya mwambani. Hakuna aliyekuwa ameyauliza.

Ikafika Obon ya kwanza ya Zenkichi, siku ambazo roho ya marehemu hurudi nyumbani kwake. Siku hizo nyama na samaki haviingii ndani. Marehemu hupewa wali, biringanya na tofu, hata kama alikuwa mtu wa kugombea kichwa cha samaki na paka. Asubuhi ya kwanza Shizue aliingia chumbani, akaona mbele ya picha ya mumewe, kwenye chombo cha maua, upepeo mwekundu wenye ukingo wa manjano. Akalijua tumbawe lake papo hapo. Akaketi.

Mtawa wa hekalu alilisifu sana. Kesho yake, katika joto la Agosti, alisoma sala zake kwa kasi ambayo Buddha mwenyewe asingeweza kuifuata, leso puani. Kikue ndiye aliyeinama akanusa.

“Hili si ua. Lina vinywa. Mmemwekea marehemu mnyama.”

Mihoko akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Shizue alikuwa ameyaandaa maneno tangu jana, makali ya kumrudisha mtu Nagoya kwa miguu.

“Baba alikaa juu miaka yote ile akishika kamba,” Mihoko akasema, bado ameinama. “Nilitaka aone kilichokuwa huku chini, mama.”

Shizue akayaacha maneno yale. Akauliza alilichuma vipi. Mihoko akasema aliufuata ukuta wa kivuli mpaka mwisho wake. Na kando yake aliona nini? Hakuona kitu, mama, ila vijitumbawe vingine vidogo.

“Umechuma ua mlangoni,” Shizue akasema, “nyumba hukuiona.”

Obon ilipokwisha walilirudisha tumbawe baharini pamoja na sadaka. Siku zile hakuna anayezamia, wafu wasije wakamvuta. Bahari ilipofunguliwa, wakaenda wawili.

Shizue alishuka kwanza. Ukuta ulikuwa uleule, mkondo uleule, na hakujua alipo. Alipita mara mbili, akarudi juu kifua kikiwaka, mluzi wa pumzi yake mfupi kama wa birika lililokauka. Bila ile alama, miaka hamsini na sita haikumwonyesha hata jiwe moja.

Mihoko ndiye aliyepajua, kwa kuwa ndiye aliyepavunja. Akamshika mkwewe mkono, wakashuka pamoja mpaka kwenye kisiki chekundu kisichozidi kidole gumba. Juu yake vinywa vyeupe vichache vilikuwa vimefunguka, vinakula.

Shizue akautwaa mkono wa Mihoko, akauvuta kulia, akauingiza ufani.