Mashati Meupe ya Kanuni

Marehemu mke wangu alikuwa dobi, mimi fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na sita tulifanya kazi katika chumba kimoja, yeye na meza yake ya pasi upande wa dirisha, mimi na cherehani yangu karibu na mlango. Nguo iliyochanika ilikuja kwangu kwanza, ikishashonwa inavuka chumba inakwenda kwake. Hatukuwa na ukuta kati yetu, kwa hiyo kila alichomwambia Mungu nilikisikia.

Maana alikuwa na utaratibu wake. Shati alilianza kwenye kola, na hapo alimwombea mwenye shati kinywa chake, aseme maneno mema. Akifika mabegani, anaombea mizigo yake. Kwenye mikono, kazi anayoifanya. Upande wa kushoto, penye mfuko, aliombea moyo, na hapo pasi ilikwenda polepole. Hakupaza sauti, alizungumza tu kama mtu anayeongea na jirani huku anaosha vyombo. Dereva wa lori alimwombea asisinzie njiani. Mwalimu wa hesabu, mashati yake chaki tupu, alimwombea subira na watoto wa watu. Langu alilipiga pasi akijua fika kwamba nasikia: "Bwana, huyu fundi mpunguzie hasira, maana mimi nimeshindwa." Basi nami najifanya natunga uzi kwenye sindano.

Nilikuwa nikimtania. "Mama, Mungu amechoka na kola zako." Ananijibu, "Akichoka ataniambia mwenyewe." Siku moja nilimuuliza kwa nini asiombe kanisani yakaisha, kama watu wengine. Akasema kanisani kila mtu anaufungua moyo wake, hakuna kazi hapo. Kazi ni kuuacha wazi Jumatatu.

Halafu akaja Kanuni. Alikuwa mzee wa kanisa, na jina hilo tulimpachika sisi, kwa sababu hakumaliza sentensi mbili bila kutaja kanuni. Binti yetu alipopata mimba kabla ya ndoa, Kanuni alisimama mbele ya ushirika mzima, baada ya matangazo, akasema mama aliyeshindwa kuilinda nyumba yake hawezi kuongoza maombi ya wanawake. Mke wangu alikuwa ameyaongoza kwa miaka tisa. Alichukua Biblia yake na mkoba, tukatoka, na njia nzima mimi ndiye nilikuwa nafoka.

Jumatatu, kama kawaida, yakaletwa mashati matano meupe ya Kanuni. Yule mtu alikuwa na uso mkavu, jamani. Nikasema tuyarudishe yalikotoka. Mke wangu akasema kazi ni kazi, akayapiga pasi vizuri kuliko wakati mwingine wowote, yakakakamaa kama kadibodi. Ila aliyapiga kimya. Kola, mabega, mikono, mfuko, bila neno. Na mimi, sifichi, roho yangu ilisuuzika.

Nadhani alifikiri anayaruka yale matano tu. Wiki ya tatu nikagundua kwamba dereva naye haombewi. Kisha ikaja sare ya nesi, ikapita kimyakimya. Mashati yangu pia. Kanisani alikwenda, mezani alishukuru, maneno yaleyale kila siku. Hali ile ilifika miezi minne. Nilitamani anisemee tena kwa Mungu, lakini ningemwanzaje? Mwanamume mzima, naomba kusemwa!

Binti yetu akajifungua mtoto wa kike. Nilimshonea kigauni kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kazini, nikakivusha upande wa pili. Mke wangu akakitandaza mezani, akagusa kikola chake. "Bwana, huyu mtoto," akasema. Akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza tena. Akaisimamisha pasi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fundi, hakuna kitu."

"Hakuna nini?"

"Nimemwita Mungu kwa ajili ya mjukuu wangu na ndani ni pakavu. Ni kama naongea na ukuta."

Nikamwambia ni uchovu.

"Si uchovu. Kila nilipogusa shati la Kanuni niliuziba moyo, makusudi, ili Mungu asije akanigusa hapo. Sasa umeziba wote. Na aliyeuziba si Kanuni, ni mimi."

Alikuwa anaogopa. Tumeugua pamoja, tumezika wazazi pamoja, sikuwahi kumwona ameogopa namna ile, nami niliogopa kwa kumwona.

Akainuka, akaenda kwenye kapu, akatoa shati moja la Kanuni.

"Mama, achana nalo."

"Nyamaza, fundi."

Akaweka pasi kwenye kola. "Bwana, mtu huyu alinivua nguo mbele za watu. Sina neno zuri la kukuambia juu yake. Lakini wewe usiondoke." Machozi yakadondokea kitambaa, pasi ikapita juu yake, yakachemka. Akapiga mabega. Alipofika kwenye mikono akasimama, akanionyesha. Kifungo cha shati jeupe kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua sindano. Akatoa la pili, vilevile. Na mke wa Kanuni alikuwa anashona vizuri, hata mimi nilimheshimu.

"Mkewe yuko wapi siku hizi?" akaniuliza.

Sikujua. Baadaye tulisikia kwamba alipatwa na kiharusi, yuko kitandani, na Kanuni ndiye anayemwogesha na kumlisha. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Sijui vimeshonwa hivi tangu lini," mke wangu alisema. "Vimepita mikononi mwangu na sikuviona." Akaendelea kuomba, mpaka kwenye mfuko, na pasi ikaenda polepole. Kisha akanipa shati nibadilishe uzi. Nilishona kwa kinyongo, kifungo kikakaa upande. Akakikata kwa mkasi, akanirudishia. "Shona kama unamshonea mtu." Nikashona upya.

Kanuni hakuwahi kuomba radhi, wala mke wangu hakurudishiwa maombi ya wanawake. Nami sikugeuka mtakatifu. Hata leo nikimwona yule mzee, damu inanichemka kidogo. Lakini sasa ninapoishi peke yangu katika nyumba hii, ninachokikumbuka mara nyingi zaidi ni kilichofuata mchana ule.

Alikitandaza tena kigauni cha mjukuu. Mguu wangu ukasimama kwenye pedeli. Alikaa muda ameweka kiganja juu ya kitambaa, bila pasi.

"Bwana," akasema, "asante kwa kunisubiri."

Halafu akaanza kwenye kikola. Kigauni cha mtoto mchanga hakina cha kupiga pasi, ni dakika moja kimekwisha. Siku ile alikaa nacho mpaka wateja wawili wakaja wakasimama mlangoni, nami nikawaashiria wangoje.