Mama Miguu, msakaji wa karatasi za chipu za zamani

Saa mbili asubuhi, Mama Miguu ameinamia lenzi, anatafuta namba iliyofifia mgongoni mwa chipu, kipande cheusi cha kielektroniki kidogo kuliko ukucha. Anaipaka chaki, anaifuta kwa kidole. Namba inajitokeza.

"Hii nimeizidi umri kidogo tu," anasema, akicheka.

Jina hilo la utani amepewa na mafundi wenzake kwa sababu swali lake la kwanza ni lile lile: ina miguu mingapi? Miguu ni vile vyuma vyembamba vinavyoiunganisha chipu na mashine. Kila mguu una kazi yake, na kazi hizo huelezwa kwenye karatasi za kiwanda. Viwanda vingi vilivyotengeneza chipu za zamani vimefungwa, na karatasi zikapotea. Yeye ndiye huzisaka.

"Chipu bila karatasi ni kama mtoto mchanga anayelia," anaeleza. "Unajua kuna kinachomsumbua, ila hasemi ni wapi."

Aliianza safari hii kwenye biashara ya mama yake, aliyeuza karatasi kuukuu za kufungia bidhaa. Siku moja fundi redio alifika akihema, akitafuta kijitabu cha karatasi za chipu ambacho mkewe alikiuza pamoja na magazeti. Nusu yake ilikuwa imeshafungia misumari dukani kwa jirani.

"Alikaa chini akawa anafungua misumari ya watu, ukurasa mmoja mmoja. Nikajiuliza, kuna nini humo?" Akamfuata fundi huyo, akajifunza ufundi kwake.

Leo vijitabu vimejaa mpaka juu ya kabati la nguo. Mumewe, fundi cherehani, amezoea. "Wenzangu wameoa wake, mimi nimeoa maktaba," anasema, akisogeza rundo apate pa kukaa.

Kazi iliyomtoa jasho zaidi ni ya mwaka jana. Mama mmoja mwenye karakana ya masweta ya shule alimjia amenyong'onyea. Mashine yake ya kufuma ilikuwa imezimika, shule zinakaribia kufunguliwa, na wafumaji wake wamekaa mikono mapajani.

"Mafundi wote waliniambia niiuze kama chuma chakavu," anakumbuka mama huyo. "Huyu peke yake aliniambia, dada, nipe muda."

Mama Miguu alitafuta mtandaoni karatasi ya chipu ya mashine hiyo, hakupata kitu. Akawaandikia watu asiowajua, hadi mhandisi mstaafu wa nchi ya mbali akamjibu kwamba chipu ile ile ilitumika kwenye mitambo ya simu ya zamani. Akauliza huku na huku, akaelekezwa kwa fundi simu mstaafu, mitaa michache kutoka kwake.

"Kitabu ninacho," mzee alimwambia, "ila kipo kazini."

Kilikuwa chini ya mguu wa friji.

"Mwanangu, ukikichukua friji itayumba," mke wa mzee alimwonya. Mama Miguu akatoka, akarudi na tofali. Wakainua friji wote watatu.

Kurasa za katikati zilikuwa nzima. Zilionyesha kwamba mguu mmoja wa chipu hupokea mapigo ya umeme kutoka kwenye kipande kidogo kando yake. Akakipima. Kilikuwa kimekufa, nacho kinauzwa duka lolote la vifaa vya redio. Chipu haikuwa na neno.

Mashine iliponguruma, wafumaji walipiga vigelegele, na mwenye karakana akaketi kwenye gunia la nyuzi akilia. "Nilishawaambia watafute kazi kwingine," anasema.

Sasa Mama Miguu anapiga picha kurasa zake zote, aziweke mtandaoni bure. Mafundi wenzake wanamwambia anajikatia riziki.

"Miguu bado itahitaji mtu wa kuipima," anawajibu. "Na mimi nikifa leo, nani atajua kilichomo humu?"

Anamsindikiza mwandishi hadi mlangoni, kisha anamshika mkono.

"Na kwenu je, hakuna vitabu vya mitambo ya zamani? Mwambie mama asivichome. Nitakuja na matofali."