Mkunga na Saini Iliyofutwa

Mkunga alifika kwenye kizuizi cha mpakani na hasira yake ya kila asubuhi, ile ya foleni na viatu vya kubana. Kubwa zaidi ilikuwa ikimsubiri.

"Leo huvuki, mama," alisema ofisa wa uhamiaji, akiangalia pembeni.

"Una nini wewe? Kuna mzazi ana uchungu ng'ambo, mtoto katanguliza makalio. Inua hicho chuma!"

"Makubaliano yamefutwa. Wenzetu wa kule wameagiza tusikupitishe."

Makubaliano hayo aliyajua. Marais wa pande mbili waliafikiana wakunga na wauguzi wavuke kufanya kazi bila kibali. Aliwaona kwenye televisheni: kalamu mbili, bendera mbili, kukumbatiana kwingi. Akadhani ni sheria, akahamishia kazi yake zahanati ya ng'ambo, isiyo na mkunga mwingine.

"Si bunge lilipitisha?"

"Bunge halikuulizwa. Kinachopelekwa bungeni ni mkataba, na una maneno mengi. Haya yalikuwa ya wakubwa wenyewe. Rais wa kule kaondoka, mpya hayataki. Katia saini ya kuyafuta, basi."

"Kwa hiyo miaka yote hii nazalisha watu kwa hisani ya urafiki wa wanaume wawili?"

"Kisheria, karibu na hapo."

Simu ikalia. Mume wa mzazi alikuwa analia kuliko mzazi mwenyewe. Mkunga akamgeukia ofisa.

"Wamekataza nini hasa?"

"Wahudumu wa huku kwenda kule."

"Na wajawazito wa kule kuja huku?"

"Hao... hawakutajwa."

"Shemeji, acha kulia," mkunga aliiambia simu. "Mpakie kwenye gari, mlete hapa mpakani. Sasa hivi!"

Kisha akaingia ofisini, akafagia mezani mihuri, kikombe cha chai na kofia ya ofisa.

"Mama, hii ni ofisi ya serikali!"

"Ndiyo maana. Toka, kachemshe maji."

Mtoto alizaliwa juu ya meza hiyo, akitanguliza makalio mbele ya picha ya rais ukutani, jambo ambalo mkunga hakuona sababu ya kulirekebisha. Mtoto alipolia, ofisa alichungulia mlangoni, akitabasamu kama mjomba.

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Kesho naitaka tena meza hii, na kesho kutwa. Waambie wakubwa wako, wakimaliza kununiana, waje wanishikie taa."